Kukata au Kusukuma: Kuondoa Krimpi kwenye Vishimo vya Praima

Saa tatu usiku hapa Mombasa ni saa nane mchana kule Columbus, Ohio, wakati wa joto lao. Ndiyo saa mpwa wangu hupata nafasi ya kuzungumza, na ndiyo saa aliponitumia picha ya kitako cha ganda la risasi lililokwisha kutumika, analotaka kulitia praima, yaani kifataki kipya, na kulijaza upya. Chini yake ameandika: "Shikamoo mjomba. Praima mpya haziingii, zinabondeka mlangoni. N'nunue chombo gani?"

"Marahaba. Usinunue kitu kwanza. Ipige tena hiyo picha, uisogeze karibu."

Mimi ni fundi wa kerezo, karakana yangu iko Shimanzi, na bunduki sijapata kumiliki. Lakini swali lake lilikuwa la madini na kipimo, na hiyo ndiyo kazi inayonilisha. Tulishughulika nalo karibu miezi miwili: yeye na maganda halisi katika gereji yake, mimi na vipande vya brasi nilivyovikereza mwenyewe. Nayaandika tuliyoyaona kwa sababu wako Waswahili wengi ughaibuni wanaopenda mchezo wa shabaha, na kila nikitafuta maelezo ya kazi hii kwa lugha yetu sipati.

Jambo moja liwe wazi mapema. Marekani mtu anaruhusiwa kujaza upya maganda kwa matumizi yake mwenyewe. Kenya, bunduki na risasi ziko chini ya Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, na kupatikana na risasi bila cheti ni kosa. Kwa hiyo mpwa wangu hakuniletea hata ganda tupu moja, wala mimi sikumwomba. Mwenye leseni aliyeko hapa nyumbani aende kwanza kwa Bodi ya Leseni za Silaha aulize, kabla hajanunua hata msumari wa kazi hii.

Sasa turudi kwenye ile picha.

Praima ni kile kifataki kidogo kinachokaa katikati ya kitako cha ganda na kupigwa na pini. Kishimo chake, kwa ukubwa mdogo unaotumika kwenye risasi za bunduki za .223 Remington na 5.56, kina kipenyo cha kati ya milimita 4.39 na 4.43. Praima yenyewe ina kama 4.45. Yaani praima ni kubwa kidogo kuliko kishimo, na huingia kwa kubanwa, kama vile beringi inavyoingia kwenye nyumba yake. Tofauti ni ya sehemu za mia za milimita. Hilo ndilo la kukumbuka katika kila kitu kinachofuata: hapa hakuna nafasi ya kukisia.

Risasi za kijeshi huongezewa kitu. Baada ya praima kuwekwa kiwandani, mdomo wa kishimo huminywa ili ung'ang'anie praima. Mara nyingi huminywa duara zima, na kwenye picha ilionekana wazi, kama pindo la kanzu lililokunjwa kuelekea ndani. Aina nyingine huchomwa alama tatu au nne pembeni mwa praima. Hiyo ndiyo krimpi. Sababu yake ni bunduki ya rashasha: gesi husukuma praima kurudi nyuma, na praima moja ikichomoka na kuangukia ndani ya mitambo, bunduki hukwama mikononi mwa askari. Mpiga shabaha wa Jumamosi hana haja nayo, na akitaka kulitumia tena ganda lile, ile minyo inamzuia mlangoni. Praima mpya ikilazimishwa hupinda, hukaa upande, na ikibahatika vibaya hulipuka hapo hapo kwenye presi, ile mashine ya kujazia maganda.

Uzuri ni kwamba krimpi huondolewa mara moja tu. Ganda likishatengenezwa halirudishi pindo lake. Mtu mwenye maganda 100 anayoyatumia tena na tena ana kazi ya jioni moja katika umri wote wa maganda hayo, na hilo lapasa kubadili fedha anazokubali kutoa.

Njia ziko mbili, hata kama maduka yanauza vyombo ishirini. Ama unakata lile pindo ulitoe, ama unalisukuma lirudi lilikotoka.

Kukata

Chombo cha kwanza alichokishika mpwa wangu, kabla hata hajaniuliza, ni kauntasinki, ile ncha ya kupanulia midomo ya matundu ya skrubu kwenye mbao, akaifunga kwenye drili ya betri. Ndicho kilichokuwemo sandukuni. Alifanya maganda 60 kwa dakika 20 na akafurahi, maana praima ziliingia laini. Ziliingia laini mno. Alipoyapiga, maganda kadhaa yalitoka na duara jeusi la masizi kuzunguka praima, na kwenye mawili praima ilianguka yenyewe alipoligonga ganda mezani. Lile duara jeusi maana yake ni kwamba gesi imepenya pembeni. Kauntasinki haina kizuizi. Hukata pindo, kisha huendelea kukata ukuta wa kishimo, na ukuta ukishaondoka praima haina cha kuishika. Nilimwambia ayatupe yote 60. Aliyatupa, ingawa iliniuma kumwambia.

Kwa hiyo kauntasinki kwenye drili naitoa kabisa kwenye ulinganisho huu. Kuna watu stadi wanaoifanya kwa mkono, mzunguko mmoja na nusu basi, wakatosheka. Mimi simpendekezei mtu anayeanza.

Rima ya mkono ni kitu kingine. Hii imetengenezwa kwa kazi hii hasa. Lyman na Hornady wanaiuza, na bei yake haifiki dola 40. Iliyo nzuri ina meno pembeni na bega linalogusa kitako cha ganda, ili ikifika kina chake isimame. Unalishika ganda kwa mkono mmoja, unazungusha kwa mwingine, mara mbili tatu, unahisi pindo linavyotoka, halafu ghafla mkono unakuwa mwepesi. Ule wepesi ndio ishara. Hapo simama.

Nilitaka kuuhisi mwenyewe. Nikakereza vikombe 24 vya brasi, kila kimoja na kishimo cha 4.41 upande mmoja na tundu la milimita 2 katikati, kama lilivyo tundu la moto kwenye ganda. Mdomo nikauminya kwa panchi ya duara. Kisha nikanoa rima yangu kutoka chuma cha drili kuukuu. Kipande cha kwanza kilitoka vizuri, na juu ya kidole nilibaki na kiduara chembamba cha brasi kinachong'aa, chepesi kuliko unyoya. Cha tano kilitoka na mawimbi mdomoni. Nikaangalia meno kwa kioo cha kukuza: jino moja lilikuwa limeanza kuwa butu. Rima butu haikati, inatetemeka, na mtetemeko huacha mdomo wenye vilima na mabonde. Mwenye rima aitazame meno kila baada ya muda. Na kwenye maganda ya alama tatu au nne, rima hudakwa kila inapofika kwenye alama, kwa hiyo mkono uende pole zaidi.

Hapa nisimdanganye msomaji. Brasi yangu ni ya fito za kukerezea, ambayo huchanganywa na risasi kidogo, ile madini, ili ikatike kwa vipande vifupi. Brasi ya maganda ni asilimia 70 shaba na 30 zinki. Hiyo ni laini, hunata, na hutoa nyuzi ndefu. Mpwa wangu alithibitisha: kwake nyuzi zilikuwa zinajisokota kwenye meno na ilimbidi kuzipiga brashi kila baada ya maganda machache. Asipozitoa, hubana na kulitia kovu ganda linalofuata.

Vichwa vya rima vinaweza pia kufungwa kwenye mashine ndogo ya umeme ya kutayarishia maganda, ile yenye vichwa vitano sita vinavyozunguka kwa pamoja. Kasi inapatikana, vidole havichoki sana. Lakini kile kipimo cha mkono, ule wepesi wa ghafla niliousema, hupungua. Mashine haichoki wala haisiti. Kwa maganda 500 ningeikubali. Kwa 100 ningebaki na mkono.

Kusukuma

Sweji haikati kitu. Ni kitufe cha chuma kigumu, ncha yake mviringo, kinachoingizwa kishimoni kwa nguvu. Kinapopita, pindo hulazimika kurudi kando. Hakuna unyuzi hata mmoja unaotoka. Brasi yote uliyoanza nayo ndiyo unayobaki nayo, na mimi kama fundi hilo linanivutia, maana madini yakishaondoka hayarudi.

Nilikereza kitufe cha silva stili, chuma cha kutengenezea zana, nikakipasha moto hadi kikawa chekundu kama kaa lililopulizwa, nikakitumbukiza kwenye mafuta, kisha nikakipasha tena polepole hadi rangi ya majani makavu. Nikakifunga kwenye presi ndogo ya meno. Kikombe cha kwanza nilikiweka juu ya bamba tu, bila kukishika kwa ndani. Kitufe kiliingia, pindo likarudi, lakini kitako kizima kikalegea na kukunjamana upande mmoja. Cha pili nilikiingizia fimbo ya chuma ndani, ikakaa chini ya tundu la moto, ndipo nikasukuma. Kilitoka kimenyooka, mdomo wake laini kama umepigwa msasa. Tangu hapo sikuwa na shaka: sweji inayofaa ni ile inayolishika ganda kutoka ndani.

Nikaona na jambo jingine. Brasi hurudi nyuma kidogo baada ya kusukumwa. Ukitengeneza kitufe cha kipimo kile kile unachotaka kupata, kishimo kitabaki kimebana. Wenye viwanda wanalijua hilo na hukifanya kitufe kiwe kikubwa punde. Mimi ilinibidi kukitengeneza upya. Na kitufe cha kwanza, nilichokiacha bila mafuta juu ya meza kwa wiki moja ya kusi, kilikula kutu hadi hakitamaniki.

Vyombo vya kusukuma viko vya aina mbili kwa mtu wa kawaida. Kimoja hufungwa kwenye presi ya kujazia ambayo tayari unayo. RCBS wana seti ya namna hiyo, yenye vitufe vya praima ndogo na kubwa, na bei yake si ya kutisha. Kinafanya kazi, ila lazima uivue presi yako kwenye shughuli nyingine, uifunge sweji, uipime, ndipo uanze. Na mara kwa mara ganda hung'ang'ania kitufe, likahitaji kuvutwa. Cha pili ni cha mezani, kinasimama peke yake. Kinachojulikana zaidi ni Super Swage 600 ya Dillon, bei yake inapita dola 100. Ganda huvalishwa kwenye fimbo, fimbo huinamishwa, mpini husukumwa, kwisha. Mpwa wangu alipozoea alikuwa akifanya maganda kama 10 kwa dakika bila pupa. Mashine kubwa za kujazia kama RL 1100, ya kampuni hiyo hiyo, zina sweji ndani yake katika mzunguko wa kazi, lakini hizo ni za mtu anayejaza maelfu, na simwandikii huyo.

Sasa ubaya wa kusukuma, maana upo. Sweji ya mezani hupima kina chake kutoka ndani ya ganda, kwenye ule ukuta ulio kati ya kishimo na tumbo la ganda. Viwanda havilingani katika unene wa ukuta huo. Ukiirekebisha sweji kwa ganda la kiwanda kimoja, kisha ukaingiza la kingine lenye ukuta mnene, mdomo wa kishimo unakaa karibu zaidi na kitufe. Kitufe kinazama kupita kiasi na mpini unakuwa mzito. Likiwa na ukuta mwembamba, kitufe hakifiki na pindo linabaki. Mpwa wangu alinipigia video akilalamika kwamba chombo ni kibovu. Nikamwambia ageuze maganda niyaone vitako. Yalikuwa na mihuri ya viwanda vinne tofauti, yamechanganywa ndani ya ndoo moja.

Kwa hiyo anayechagua sweji achambue maganda kwanza kwa mhuri. Yaliyoandikwa LC na tarakimu mbili za mwaka ni ya Lake City, kiwanda cha jeshi kilichoko Independence, Missouri, kilichoanza mwaka 1941. Alama ya msalaba ndani ya duara ni ya NATO. Mhuri hukuonyesha pa kuanzia tu. Jicho ndilo linalohakikisha. Angalia kama kuna mfereji wa duara kuzunguka praima au alama za panchi. Hata baadhi ya maganda ya bastola ya 9×19 huja na krimpi, na mtu asiyetarajia hushangaa presi inapokwama.

Ni kipi kwa nani

Mwenye maganda yasiyozidi 200, au mwenye mchanganyiko wa viwanda vingi aliouokota uwanjani, achukue rima ya mkono yenye bega. Rima hupima kutoka kwenye kitako chenyewe, si kutoka ndani, kwa hiyo unene wa ukuta hauisumbui. Ni nafuu, inaingia mfukoni, na kosa lake huonekana mapema. Gharama yake ni vidole. Baada ya ganda la 80 hivi mpwa wangu alikuwa na lengelenge kiganjani.

Mwenye 500 na kuendelea, tena ya kiwanda kimoja, anunue sweji ya mezani na asitazame nyuma. Kila ganda hutoka sawa na jirani yake, jambo ambalo mkono wa binadamu hauliwezi saa mbili mfululizo. Ile ya kufunga kwenye presi naiweka kwa mtu aliye katikati, mwenye maganda 300 hivi, fedha chache na subira ya kutosha.

Kuna na chaguo la tatu ambalo wauzaji wa vyombo hawalitaji: kutoondoa krimpi kabisa. Maganda ya kiraia yasiyo na krimpi yapo kwa wingi. Anayepiga risasi 50 kwa mwezi anaweza kuyachambua maganda yake, akayabakiza yasiyo na krimpi na mengine akayapeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Hahitaji chombo chochote. Mpwa wangu alikuwa nayo 900 na moyo wake haukukubali, lakini ningekuwa mimi na 60 tu, ningefanya hivyo.

Chombo chochote utakachochagua, mambo machache hayabadiliki. Praima kuukuu itolewe kwanza, na ya krimpi hutoka kwa nguvu zaidi, kwa hiyo pini ya kutolea iwe imara. Chungulia ndani kabla hujasukuma: likiwa tundu moja katikati, sawa; yakiwa mawili madogo pembeni, hilo ni la mtindo wa Berdan na litakuvunjia pini. Praima ambayo haijapigwa usiitoe kwa mabavu. Miwani ya kinga machoni wakati wote. Na yale masizi meusi yanayomwagika kutoka kwenye praima yana madini ya risasi, ambayo ni sumu. Nilimwona kwenye video akifanya kazi huku kikombe cha chai kiko pembeni na mahamri yamefunguliwa. Nikakata maelezo nikamwambia, "Mwanangu, toa chakula hapo, ukaoshe mikono kwa sabuni hadi viwikoni." Akaenda. Sikuendelea mpaka aliporudi.

Baada ya kuondoa krimpi, kishimo kipimwe. Nilimkerezea pini yenye ncha mbili, nikampa dada yake aliyekuwa akisafiri ampelekee: upande mmoja 4.39, ambao lazima uingie, na upande wa pili 4.45, ambao haupaswi kuingia. Za dukani za namna hii zipo pia. Ncha ndogo isipoingia, pindo limebaki. Ncha kubwa ikiingia, kishimo kimepanuka na ganda hilo limekufa. Kwa praima kubwa, kama za risasi za 7.62×51, vipimo vya kishimo ni 5.30 hadi 5.33, na pini yake itengenezwe kwa hesabu hiyo hiyo. Halafu kipimo cha mwisho ni kidole. Praima mpya ikishawekwa, ipapase: ikae chini kidogo ya usawa wa kitako, kiasi cha sehemu 3 hadi 5 kati ya elfu za inchi. Ikichomoza juu, usiipakie. Kwenye bunduki zinazojipakia zenyewe, praima iliyochomoza inaweza kupigwa na bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya risasi, inapofunga tu, kabla mtu hajagusa kifyatulio.

Alinunua vyote viwili mwishowe. Sweji ya mezani kwa yale 700 ya LC, rima ya mkono kwa 200 ya mchanganyiko. Jumapili iliyopita alinionyesha rundo limekwisha, limepangwa kwenye visanduku vya plastiki. Pembeni kulikuwa na maganda 14 ambayo ncha kubwa ya pini ilikuwa imeingia. Alichukua koleo, akayaponda midomo moja baada ya jingine mbele ya kamera, ili yasije yakarudi kwenye rundo kwa bahati mbaya.